Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: damu ya utumbo ipimwe kabla tumbo halijafungwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
Wakurugenzi na Waganga Wafawidhi wa hospitali zote za rufaa,

YAH: KUPIMA DAMU INAYOFIKA KWENYE UTUMBO WAKATI WA OPARESHENI ZA KANSA YA UTUMBO MPANA

Shikamooni wakubwa wangu, na kwa mlio wadogo zangu, habari za kazi.

Mimi ni nesi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia thieta, nimesimama meza moja na madaktari wa upasuaji wa kila aina na nawaheshimu mpaka leo. Siandiki kumchafua mtu. Nilianza kwa njia za ndani kama tulivyofundishwa, nikaenda kumuona mganga mfawidhi wa hospitali husika, nikaandika barua, nikapeleka ngazi ya mkoa, nikapiga simu, kila mahali naambiwa suala linafanyiwa kazi na mpaka leo swali langu halijajibiwa. Ndiyo maana nimeamua kuliweka hapa kila mtu alione. Hospitali siitaji jina kwa sababu najua kabisa tatizo si la hospitali moja.

Kaka yangu ni fundi seremala. Alikutwa na kansa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, jirani na njia ya haja kubwa. Akafanyiwa oparesheni, kipande chenye kansa kikatolewa, ncha mbili za utumbo zikaunganishwa. Siku za mwanzo alikuwa vizuri tu, anaongea, anaomba uji. Siku ya tano homa ikapanda, mapigo ya moyo yanakimbia, tumbo limekaza halitaki kuguswa. Pale walipounganisha palikuwa pameachia, kinyesi kinavuja ndani ya tumbo. Akarudishwa thieta usiku uleule, akalala ICU, akatoka na mfuko wa choo tumboni ambao hakuutegemea.

Nikaomba kuona karatasi ya oparesheni ya kwanza. Kuhusu muunganiko kulikuwa na mistari michache: utumbo una afya, umeunganishwa, hakuna sehemu inayotoka damu, tumbo limefungwa. Habari ya kama damu inafika kwenye zile ncha, na ilijulikanaje kama inafika, hakuna hata neno moja. Nikamuuliza daktari kijana aliyekuwepo, akaniambia kwa heshima tu, "Sista, rangi ilikuwa nzuri."

Barua yangu yote inatokana na hilo jibu.

Naomba nieleze kidogo kwa wasomaji ambao si wa fani. Utumbo mpana unalishwa na mishipa miwili mikubwa, wa juu na wa chini. Kansa ikiwa upande wa chini kushoto, daktari mara nyingi inabidi aukate ule mshipa wa chini, na wala si uzembe, ni kwamba tezi zinazoweza kubeba kansa zimekaa kando ya mshipa huo na lazima zitoke nao. Baada ya hapo utumbo wa kushoto unabaki kutegemea damu inayozunguka kutoka upande wa pili kupitia mshipa mwembamba unaotembea pembezoni mwa utumbo. Watu wengi mshipa huo unawatosha. Wengine, hasa pale kwenye kona iliyo karibu na bandama, wamezaliwa nao mwembamba sana au umekatika kabisa, na huwezi kumjua mtu wa namna hiyo kwa kumtazama. Ni kama nyumba za mwisho kwenye bomba la mtaa, ukiwa barabarani huwezi kujua maji yanafika au hayafiki mpaka mtu afungue koki.

Ncha isiyopata damu ya kutosha haiungi. Na ubaya wake haifi palepale mezani, mezani inaweza kuonekana pinki kabisa, inakuja kuachia siku ya tatu, ya tano, ya saba, mgonjwa ameshaanza kula na ndugu wameshaanza kupanga usafiri wa kurudi nyumbani. Tafiti nyingi za nje zinaonyesha kwamba muunganiko wa chini kabisa, kwenye rektamu, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo jirani na njia ya haja kubwa, unavuja kwa mgonjwa kama mmoja kati ya 10, na zipo zilizopata zaidi ya hapo. Sasa hiyo ni huko kwenye vifaa vyote.

Sisemi damu ndiyo sababu pekee. Kuna utumbo kuvutwa sana, kuna sigara, kuna upungufu wa damu na protini mwilini, kuna mionzi aliyopigwa mgonjwa kabla ya oparesheni, kuna presha kushuka akiwa kwenye usingizi. Lakini katika hayo yote damu ndicho kitu ambacho mnaweza kukipima tumbo likiwa bado wazi na mkarekebisha hapohapo, mkakata sentimita chache zaidi mpaka mfike penye damu nzuri, au mkaamua mgonjwa huyu tusimuunganishe leo. Ukishafunga tumbo hiyo nafasi imepita.

Hoja zangu ni hizi.

1. Hakuna utaratibu wa kupima, na hakuna anayeandika.

Nimesimama thieta miaka mingi. Kila daktari ana njia yake. Mmoja anakata ncha anaangalia damu inavyotoka, mwingine anashika kwa kidole kusikia mapigo, mwingine anatazama rangi anaendelea. Wapo waliokuwa makini sana na hao nawakumbuka kwa majina, Mungu awabariki, ila umakini wao ulikuwa wa kwao binafsi, akihama kituo anaondoka nao. Mgonjwa anayeingia Jumatatu na anayeingia Alhamisi hawapati kitu kimoja. Na kwa kuwa haiandikwi, muunganiko ukivuja hakuna anayeweza kurudi nyuma akajifunza kitu, kila mtu anasema ni komplikesheni inayojulikana na faili linafungwa. Najua inajulikana, nimeifahamu kabla hao madaktari vijana hawajaanza shule. Kitu kikijulikana ndiyo kinatakiwa kizuiliwe.

2. Macho peke yake hayatoshi.

Hili si la kwangu. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha utafiti ambao madaktari wa upasuaji waliulizwa palepale mwisho wa oparesheni wakadirie uwezekano wa muunganiko kuvuja. Makadirio yao hayakuweza kuwatenganisha waliokuja kuvuja na ambao hawakuvuja. Hao ni mabingwa, wenye taa nzuri, wenye muda. Sisi huku taa moja ya juu imeungua, nyingine inatoa mwanga wa njano, umeme ukikatika jenereta inachukua muda wake, na mtu anaambiwa atofautishe pinki ya uzima na pinki inayoelekea kuwa ya zambarau! Rangi inabadilika kwa kuchelewa, na kwa mgonjwa mwenye upungufu wa damu, ambao wagonjwa wetu wengi wa kansa ya utumbo wanao kwa sababu wamevuja damu kwenye choo kwa miezi, hata hiyo rangi ya kawaida ya kulinganishia huna.

3. Njia za kupima zipo na nyingine hazigharimu kitu.

Niseme kwanza ile kubwa. Kuna dawa ya kijani inaitwa indosayanini grini. Ilitokana na maabara za Kodak, wale wa picha, ikaingia kwenye tiba miaka ya 1950 na Marekani wakaipitisha mwaka 1959, kwa hiyo si kitu cha majaribio cha juzi. Inakuja kama unga kwenye kichupa, inayeyushwa kwa maji safi ya sindano, mtaalamu wa usingizi anaipiga kwenye kanula ya mgonjwa, kiasi kidogo tu cha miligramu chache. Taa za kawaida hazionyeshi kitu, ila kamera yenye mwanga wa infraredi ya karibu, mwanga ambao macho yetu hayauoni, ikielekezwa kwenye utumbo, ndani ya kama dakika moja unaona kwenye skrini damu inaingia, utumbo unawaka, na pale damu inapoishia panabaki peusi. Unaona mpaka wenyewe kwa macho yako. Dawa inatolewa na ini, baada ya dakika tatu nne nusu yake imeshatoka kwenye damu, unaweza kurudia. Mwenye mzio wa ayodini anaangaliwa kwanza maana dawa ina ayodini ndani yake.

Na hata kwenye kamera inabidi kupima, si kutazama tu, maana madaktari wawili wakiangalia video moja wanaweza kusema vitu viwili. Ndiyo maana siku hizi watu wanahesabu sekunde ngapi zimepita toka dawa iingie mpaka ncha iwake, na kompyuta inachora mstari wa jinsi mwanga unavyopanda.

Sasa zile za bei ndogo, na hapa naomba mnisikilize sana kwa sababu ndipo kisingizio cha pesa kinapoishia. Ya kwanza ni ya bure. Kabla ya kuunganisha, daktari anakata ule mshipa mwembamba wa pembezoni pale kwenye ncha yenyewe, anaangalia. Damu ikiruka kwa mapigo, nyekundu, vizuri. Ikichuruzika nyeusi au isitoke, anarudi juu zaidi anakata tena. Inachukua dakika moja. Kinachotakiwa ni ifanywe kwa kila mgonjwa na iandikwe: imeruka, imechuruzika, haikutoka.

Ya pili ni ile oksimita, ile ya kupima oksijeni ya damu kwa kubana kidoleni ambayo siku za Korona hata watu wa mtaani waliijua. Kichwa chake kinavishwa glovu au mfuko safi wa thieta, kinawekwa kwenye ukuta wa utumbo, unasoma namba na unaangalia wimbi la mapigo. Mambo haya yameandikwa kwenye majarida ya upasuaji miongo kadhaa sasa. Ina kasoro zake, utumbo ukicheza namba inayumba, mgonjwa akiwa wa baridi haisomi vizuri, lakini ukiona wimbi zuri kwenye utumbo wa juu halafu ncha yako haina wimbi kabisa, umepata habari ambayo rangi isingekupa. Ya tatu ni doppla ya mkononi, ndugu wa ile ya kusikilizia mapigo ya mtoto kliniki ya wajawazito ila kichwa chake ni tofauti, kidogo zaidi. Unasikia mshipa unapiga au haupigi.

4. Mgonjwa na ndugu hawaelezwi.

Kaka alisaini fomu. Wifi yangu alikuwepo. Hakuna aliyewaambia kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba muunganiko unaweza kuvuja, kwamba dalili zake ni hizi, kwamba anaweza kuamka na mfuko wa choo. Alipoamka akaukuta aliugeukia ukuta, akawa hataki hata mkewe amwone. Wiki nyingi hakukanyaga msikitini. Mifuko yenyewe ni ghali na haipatikani kila mahali, wapo wagonjwa wanaofunga vitambaa, jamani, mtu mzima mwenye watoto anafunga kitambaa tumboni.

Na juu ya hayo, dripu za kansa zikasogezwa mbele kwa sababu kidonda hakijapona na mwili umeisha. Zinatakiwa zianze ndani ya wiki kama nane baada ya oparesheni, zikichelewa sana faida yake inapungua. Na tafiti zinaonyesha kwa kansa ya rektamu wale waliovuja wana uwezekano mkubwa zaidi kansa kurudi palepale. Kwa hiyo tukisema kuvuja msifikirie ni homa ya wiki moja na mfuko.

5. Hatuhesabu.

Sijawahi kuona hospitali ya rufaa inabandika au kuchapisha kwamba mwaka huu tumeunganisha utumbo wa wagonjwa kadhaa wa kansa, waliovuja ni kadhaa, waliofariki ni kadhaa. Vifo vya kina mama tunavihesabu kimoja kimoja na kila kimoja kinakaliwa kikao, na hilo limesaidia, mimi ni shahidi. Kwa nini huku tusifanye hivyohivyo?

Najua majibu yatakayokuja, mengine nimeshapewa mdomoni, basi niyajibu mapema.

Mtasema ushahidi wa ile dawa ya kijani haujakaa sawa. Ni kweli na sitawaficha wasomaji. Urusi walichapisha mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa 377, waliopimwa walivuja asilimia 9.1 na wasiopimwa asilimia 16.3. Japani wakaja na wagonjwa 850 wa rektamu, matokeo yakatoka 2023, asilimia 7.6 dhidi ya 11.8. Lakini Marekani utafiti wa wagonjwa 347 uliochapishwa 2021 haukuonyesha tofauti, 9.0 kwa 9.6, na ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Uholanzi nao 2024 tofauti waliyoipata ilikuwa ndogo mno kuitegemea. Kwa hiyo anayesema kamera itamaliza tatizo anadanganya, na mimi siombi hivyo. Ila hebu tuangalie kitu kimoja, hao wote waliolinganishwa, hata wale ambao hawakupewa dawa ya kijani, walikuwa na daktari aliyekagua damu kwa njia za kawaida kwenye thieta yenye utaratibu. Utafiti unauliza kamera inaongeza nini juu ya ukaguzi mzuri. Sisi hatujafika hapo, sisi hata ukaguzi wenyewe hatujui kama umefanyika. Huwezi kuchukua mashaka ya Uholanzi kuhusu kamera ukayafanya sababu ya kutoangalia damu kabisa huku kwetu.

Mtasema hakuna pesa. Kukata mshipa na kuangalia hakuna bei, glovu ipo, oksimita ipo mezani tayari. Halafu pigeni hesabu ya mgonjwa mmoja aliyevuja: oparesheni ya pili, ICU, antibayotiki kali, damu chupa kwa chupa, wiki kadhaa wodini, mifuko, oparesheni nyingine ya kurudisha utumbo mwakani kama atafika. Nani analipa? Bima, hospitali, na ng'ombe wa ukoo.

Mtasema wagonjwa wanakuja wamechelewa. Wanachelewa kweli, wengine wametibiwa bawasiri mwaka mzima bila mtu kuwapima kwa kidole, na hilo nalo lina barua yake. Lakini mgonjwa aliyechelewa, aliyekonda, mwenye damu pungufu, ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kuvuja, kwa hiyo ndiye wa kupimwa kwanza.

Mtasema tunaweka mfuko wa muda kulinda muunganiko. Sawa, unasaidia kupunguza madhara kinyesi kisipite pale. Hauongezi damu kwenye ncha.

Mtasema madaktari wataona wanaingiliwa. Nimeshakuwepo mwaka ule karatasi ya usalama wa upasuaji ya WHO ilipoletwa, ile ya 2008 yenye vipengele 19, kelele zilikuwa hizohizo, kwamba tunafundishwa kazi na karatasi. Leo nesi asipoisoma kwa sauti daktari mwenyewe anauliza imekuwaje. Na WHO wenyewe wanaruhusu kila nchi iongeze vipengele vyake.

Ninachoomba basi, kwa heshima zote:

Kwanza, Mganga Mkuu wa Serikali atoe waraka mwaka huu wa fedha, kwamba kila oparesheni ya kuunganisha utumbo mpana, kabla ya kuunganisha, damu kwenye ncha zote mbili ikaguliwe kwa angalau njia mbili, moja ikiwa ya kukata na kuona damu inaruka, na matokeo yasomwe kwa sauti yaandikwe kwenye ile karatasi ya usalama na kwenye maelezo ya oparesheni. Ni mstari mmoja tu wa kuongeza.

Pili, hospitali zote za rufaa zianze rejista ya muunganiko, nani kaunganishwa wapi, damu ilionekanaje, alivuja au hakuvuja ndani ya siku 30, na hesabu itangazwe kila mwaka kwa hospitali, si kwa jina la daktari. Nasisitiza si kwa jina la daktari, maana mkianza kuwindana watu wataficha na tutarudi tulipo.

Tatu, kila zabuni mpya ya vifaa vya upasuaji wa matundu madogo iweke sharti kwamba kamera iwe na uwezo wa infraredi ya karibu, muanze na hospitali ya taifa na za kanda, Muhimbili, KCMC, Bugando, Mbeya. Mitambo mingi mipya inakuja nao huo uwezo, msinunue ya zamani halafu miaka mitatu baadaye mkaanza upya. Na ile dawa iingie kwenye mipango ya Bohari ya Dawa, isije kamera ikakaa kwenye kona imefunikwa shuka kwa kukosa kichupa.

Nne, mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili kabla ya kusaini: hatari ya kuvuja, dalili zake, uwezekano wa mfuko. Na manesi wa wodini wapewe mamlaka ya kumwita daktari usiku mapigo yakipanda siku ya tatu na kuendelea, bila kugombezwa. Wa kwanza kuona kwamba kaka yangu ana shida alikuwa nesi wa zamu ya usiku, binti mdogo tu, na aliambiwa asubiri raundi ya asubuhi.

Tano, kwa kuwa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, mifuko ya choo na vifaa vyake viwe wazi kwenye kitita kwa kila anayevihitaji, kwa muda wote anaovihitaji.

Naomba majibu ya maandishi na yawe ya wazi kama barua hii ilivyo wazi, kabla ya Bunge la bajeti. Kama kuna hospitali inayofanya haya tayari naomba ijitokeze iseme inafanyaje, nitafurahi sana na nitawaambia wote ninaowafahamu waende wakajifunze. Kama kuna mahali nimekosea kitaalamu, daktari bingwa yeyote anisahihishe hapa hadharani na nitamshukuru. Niko tayari kuja Dodoma kwa nauli yangu kukaa na kamati yoyote, na ninawafahamu manesi wenzangu wa thieta, waliopo kazini na wastaafu, ambao wako tayari kusaidia kuandika hicho kipengele na kufundisha mikoani.

Wenu mtiifu,
Nesi mstaafu wa thieta,
Morogoro.

Nakala:
Kamati ya Bunge inayohusika na afya
Baraza la Uuguzi na Ukunga
Chama cha madaktari wa upasuaji
Ndugu wa wagonjwa wote waliowahi kuambiwa "rangi ilikuwa nzuri"